Adija Yupi

Mimi ushenga sikuusomea. Uliniangukia tu, kwa sababu nina mdomo, na kwa sababu nauza mitumba pale sokoni Kondoa, na muuza mitumba asiyejua kusema na watu atazeeka na marobota yake. Nimewaposea watu wa hapa mjini, nimewaposea wa Babati, nimemposea hata jamaa mmoja wa Busi ambaye kila alipokwenda mwenyewe alirudishwa. Kote huko neno halikuwahi kunipotea. Likaja kunipotea kwa Mzee Shaban, jirani yangu, mtu ninayeswali naye safu moja, na mpaka leo sielewi vizuri lilipotelea wapi.

Aliyenitia kwenye balaa hilo ni Nasri, mtoto wa dada yangu. Nasri anakaa Nkuhungu, Dodoma, ana kibanda cha kutengeneza redio, na tangu mambo yawe ruksa anatengeneza na televisheni. Alikuja kula Idi kwangu, akala, akashiba, akaninawisha mikono kwa adabu ambayo siijui kwake, nikajua kuna jambo.

"Mjomba," akasema, "nataka uniposee Adija, kwa Mzee Shaban."

Nikafurahi. Adija wa Mzee Shaban ni binti wa heshima, amemaliza shule, akipita sokoni anakuamkia hata kama umempa mgongo. Nikaanza kumsifu kijana kwa jicho lake. Akaniacha niseme mpaka nikachoka.

"Sio huyo. Yule mwingine."

"Adija yupi mwingine?"

"Anayepunguza suruali."

"Aa, Kiwete?"

Uso wa kijana ukabadilika. Nilidhani atanyanyuka aondoke, na wali wangu uko tumboni mwake. "Mjomba, ukienda na neno hilo, bora usiende," akasema. "Namposa Adija. Siposi mguu."

Sasa hapa lazima nieleze, maana asiyeijua nyumba ile atapotea. Mzee Shaban alikuwa na mdogo wake, marehemu Juma, aliyekuwa akilima Busi. Ndugu hao walipata mabinti msimu mmoja wa mavuno, na kila mmoja akampa wake jina la mama yao, Bibi Adija, kama ilivyo desturi yetu. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Mmoja akiwa Busi na mwingine mjini, halikuwa tatizo. Lakini Juma alipofariki, mkewe akiwa ametangulia, binti yao akaletwa kwa Mzee Shaban, mdogo bado, mguu wa kushoto ukiwa umekwisha kukaushwa na polio. Nyumba moja ikawa na Adija wawili. Aliyekuwapo akabaki Adija. Aliyekuja akawa Kiwete. Si kwa ubaya, naapa. Watu walitaka kuwatofautisha, wakashika kilichokuwa karibu. Mimi mwenyewe kila siku nawaambia wateja, suruali ikikuzidi urefu ipeleke kwa Kiwete, nao wanakwenda, na wanarudi wamefurahi.

Nikamwambia Nasri basi, mwanangu, hilo dogo, nitasema binti wa marehemu Juma. Hapo mke wangu Rukaya akaangua kicheko kule uani. Alikuwa anasikiliza, kama kawaida yake.

"Nenda kaseme," akasema. "Utarudi na viatu mkononi."

Na alikuwa na haki. Mzee Shaban ana mwiko wake mmoja, mji mzima unaujua. Siku za msiba wa mdogo wake, Mzee Sila wa kinu cha kusaga alikuja kuhani na sukari yake, mkono wa rambirambi, akasema kwa huruma, "Mungu atakusaidia na huyu yatima wako." Mzee Shaban akasimama, akamrudishia sukari, akamwonyesha mlango. Akasema mbele ya waombolezaji kwamba neno yatima halivuki kizingiti chake, wala neno "wa marehemu", wala "wa ndugu yangu". Hapa kuna watoto wangu tu. Mpaka shuleni aliwaandikisha wote wawili Adija Shaban, walimu wakabaki wanajikuna vichwa. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Basi nisiseme mguu, nisiseme marehemu. Nikafikiri kusema yule mweupe kidogo, au yule mwembamba. Lakini hayo nayo, mshenga gani anakaa mbele ya baba wa watu anamchambua binti yake kama anachagua mbuzi mnadani? Na kama ni aibu kutaja wembamba, mguu ndio kabisa. Nikaona Nasri ana hoja, ila hoja yake imeniacha mimi bila pa kukanyaga.

Nikaenda kwa Mwalimu Damas. Huyu alikuwa ametoka semina Dodoma, semina ya wafadhili, amerudi na mkoba mpya na kofia, hata kuku wa kwake walijua ametoka semina. Nikamweleza.

"Kiwete hapana," akasema. "Kilema hapana. Hayo maneno yanamfanya mtu kitu. Sema mlemavu." Nikashukuru, nikaanza kuondoka. Akaniita. "Ngoja. Siku ya mwisho alikuja mtoa mada mwingine, akasema hata mlemavu si vizuri sana, tuseme mtu mwenye ulemavu. Kwamba mtu atangulie."

"Kwa hiyo mlemavu limefutwa?"

"Halijafutwa. Wenyewe wana chama chao, na wanajiita walemavu, tena kwa sauti."

"Sasa nishike lipi, mwalimu?"

Akafikiri, akaivua ile kofia, akaivaa tena. "Muda wa semina ulikuwa mfupi," akasema.

Nikarudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyokwenda. Rukaya akaniambia niseme asiyejiweza, ndivyo wanavyosema redioni. Asiyejiweza! Binti anazungusha cherehani ya mkono tangu asubuhi, unga wa nyumba ile nusu unatoka kwenye suruali za watu, anajiweza kunishinda mimi. Nikamwambia hivyo. Akasema basi sema mgonjwa. Nikamwambia haumwi. Akasema, "Hujafa hujaumbika, mume wangu, angalia usije ukacheka," nikamwambia sicheki, nimechanganyikiwa. Akanitazama akaona kweli, akanipa chai.

Mwisho nikaamua. Siku hiyo ilikuwa ya kubisha hodi tu, barua ingefuata. Nitasema Adija wa cherehani. Kazi ni sifa, haimwumizi mtu. Nikavaa kanzu, nikavaa koti juu yake, nikaswali alasiri, nikaenda nimejiamini.

Mzee Shaban alinipokea vizuri, tukaketi sebuleni. Barazani cherehani ilikuwa inalia, ile sauti yake ya mnyororo mkavu, nami nikaona ni dalili njema. Mkewe, Bi Shamimu, akaleta kahawa na kashata, akarudi nyuma ya pazia, asiende mbali. Tukaulizana hali za watoto, mvua, bei ya alizeti, vijana siku hizi wanavyokimbilia Dodoma na Arusha. Kisha nikakohoa kile kikohozi cha mshenga anayeanza neno.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "nimekuja kuomba. Nimeona ua katika boma lako, nami nina kijana hana ua. Ni Nasri, mpwa wangu, unamfahamu. Anamwomba Adija."

Uso wa Mzee Shaban ukafunguka wote. Nikaona niharakishe. "Adija wa cherehani," nikasema.

Akacheka. "Siku hizi wote wa cherehani, Bwana Rahimu. Mwenzake amemfundisha, wanapokezana." Akageukia pazia. "Mama Adija, umesikia?"

Alikuwa amesikia. Kigelegele kilipasua pazia. Jirani akajibu kutoka uani kwake, na wa upande wa pili akadakia, bila kujua ni cha nini. Bi Shamimu alikuwa anaita, "Adija, mwanangu, weka jungu chini uje," na huko jikoni binti wa watu akawa analia na kucheka, nilimsikia. Mzee Shaban alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema tangu amalize shule alikuwa anamwombea mume mwenye kazi, na kwamba Nasri ni mtoto aliyelelewa.

Mimi nimeshika kikombe. Kashata imenikwama. Nilitaka kusema ngoja, lakini ngoja gani unaiingiza katikati ya vigelegele? Maji yakimwagika hayazoleki. Nikawaza, labda ninyamaze, Nasri atamwoa huyu, naye ni binti mzuri. Mara nikasikia kwamba sisikii kitu. Cherehani barazani ilikuwa imenyamaza.

Nikajua amesikia. Na nikajua wanajuana, yeye na Nasri, wamekwisha kuongea wakati suruali zikipunguzwa, alikuwa anatungoja siku hiyo. Nikaingiwa na huruma na hofu kwa pamoja, sijui ipi ilitangulia.

"Mzee Shaban," nikasema. "Unisamehe sana. Nimekuja kwa Adija yule mwingine."

"Mwingine yupi?"

Hakuwa anajifanya. Nilimtazama machoni, mtu hajui nasema nini.

"Mwingine," nikasema. "Wako, wa humu humu ndani."

"Bwana Rahimu, humu ndani Adija ni mmoja," akasema polepole, kama anamweleza mgeni wa mji. "Adija, na Kiwete."

Aliyasema hayo bila ubaya wowote. Ndiyo maana yalinichoma. Kichwani maneno yote ya Mwalimu Damas na ya Rukaya yanapigana, mlemavu, mwenye ulemavu, asiyejiweza, na hakuna hata moja lililofaa kujibu lile.

"Huyo ndiye," nikasema. "Huyo wa pili. Nasri anamtaka huyo."

Nyuma ya pazia vigelegele vilikatika, na kule uani wa jirani vikaendelea kidogo, maana hawakujua. Mzee Shaban akaniachia mkono. Furaha ikamtoka usoni ikaingia hasira.

"Umekuja kunidhihaki nyumbani kwangu?"

"Wallahi sikuja kukudhihaki."

"Kijana wako ana nini?"

"Hana kitu."

"Mtu ana kazi, ana nyumba ya kupanga Dodoma, anamwacha mzima anamtaka kiwete? Ana ugonjwa? Amefungwa? Anatafuta wa kumfanyia kazi, asiyeweza kumkimbia?" Sauti ikampanda. "Huyu mtoto nimemlea kwa mkono wangu. Hakuna mtu atakayemchukua akamchezee."

Na hapo nikachanganyikiwa zaidi, kwa sababu niliona anampenda. Alikuwa anatetemeka kwa kumpenda. Nikasema Nasri hana ugonjwa, nikalirudia hilo hilo.

Mlango wa barazani ukafunguka. Ikatangulia fimbo, kisha akaingia yeye, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, nyuzi kwenye gauni. Kwa desturi yetu binti haingii akiwa anaposwa. Bi Shamimu alitoa kichwa nyuma ya pazia amzuie, akakirudisha.

"Shikamoo, baba mdogo," akaniambia. Nikaitika marahaba. Kisha akamgeukia mzee.

"Baba, unisamehe kwa kuingia. Siku ile ulipomrudishia Mzee Sila sukari yake, nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Ulisema neno lile halivuki kizingiti. Nililala nimefurahi. Nikajiambia, kesho atalikataza na hili lingine." Akaipanga fimbo vizuri. "Sikujua nikuambieje. Nikawa nangoja."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Alipomaliza kusema akageuka, akatoka, akaufunga mlango taratibu kama mtu anayemwachia mgonjwa apumzike. Punde cherehani ikaanza tena kulia.

Mzee Shaban alikaa. Alichukua kikombe chake, kilikuwa kitupu, akakinywa hivyo hivyo. Nimemwona mtu yule akizika mdogo wake, sikumwona vile.

"Wewe ulikuwa unamwitaje?" akaniuliza.

"Kama wewe."

"Mji mzima?"

"Mji mzima."

"Na huyo kijana?"

"Adija."

Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kukataa. "Adija ni mwanangu," akasema. Nikamuuliza, na huyu? Akasema, "Naye mwanangu." Akaniangalia kama mimi ndiye ninayeweza kumfungulia fundo hilo. Mimi, mtu niliyekwenda kwa mwalimu mzima na kurudi mikono mitupu.

Kwetu, posa ikifika, mzee wa nyumba humwita binti kwa jina lake, mshenga asikie, ndipo amuulize. Huwezi kuliruka hilo, posa haitakuwa posa. Nilimwona Mzee Shaban anajiandaa. Alifungua kinywa, na nikaona midomo yake inaanza kulitengeneza neno lile la siku zote, ikasita, ikafunga.

"Adija," akaita.

"Abee, baba," ikajibu sauti jikoni.

Ni mazoea tu, aliitika kabla hajafikiri, kisha kule jikoni kukawa kimya kikubwa. Barazani cherehani inaendelea kulia. Si kwamba yule wa barazani alikuwa amekasirika, nilimwona dirishani, anashona upindo, ametulia. Jina lile likiitwa ndani ya nyumba ile, hakuwa na sababu ya kuinua kichwa.

Mzee Shaban aliona nilichokiona. Akainuka kwa kushika magoti, akaenda mpaka mlangoni, akaufungua, akasimama karibu kabisa na binti, kivuli chake kikafunika kitambaa alichokuwa akishona.

"Adija."

Mkono ukaacha kuzungusha. Akainua uso.

"Mimi, baba?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Nami niliyekuwa nimesimama nyuma yake nikajikuta natazama dari, mzee mzima, machozi yananitoka na wala sijui namlilia nani.

"Abee," akasema binti.

"Kuna kijana amekuposa. Nasri wa Nkuhungu. Unasemaje?"

Kwetu binti hunyamaza, na kimya chake ndiyo idhini. Yeye hakunyamaza. Nadhani alikuwa amenyamaza vya kutosha. "Nimekubali, baba," akasema, wazi, mshenga nikasikia.

Basi ikawa zamu ya vigelegele, na hakuna aliyekuwa navyo. Bi Shamimu alisimama kwenye pazia mdomo wazi, hajui alie kwa ajili ya yupi. Majirani walikwisha kumaliza vyao kwa yule asiyehusika. Tukakaa hivyo, nikaona nitakohoa tena, ili mradi kuwe na sauti. Ndipo kikatoka jikoni kigelegele kimoja, chembamba, kikakatika katikati, kikaanza upya.

Alitoka nacho. Alikuwa na unga mikononi, macho mekundu, yule tuliyemshangilia bure. Alipita mbele yangu bila kuniamkia, mara ya kwanza tangu nimjue, nami nikaona nastahili. Akaenda mpaka kwenye cherehani, akainama, akamkumbatia mwenzake, unga ukamwenea mgongoni.

"Hongera, Adija," akamwambia, na nilisikia jinsi lilivyomgharimu kulitoa, kwa maana lilikuwa jina lake.